SOMO LA KILIMO: KABICHI NA KITUNGUU NI MAJIRANI WEMA



Tukipeleka kabichi yenye matundu sokoni Benaco, nani atainunua? Mharibifu ni nondo mdogo wa kijivu. Hutaga mayai kwenye majani. Viwavi wake wa kijani hutoboa majani hayo. Wengi wetu tunakimbilia dawa ya dukani. Dawa inakula fedha, na wadudu hawa wameshazoea dawa nyingi. Tena watoto wetu wanakula majani hayo hayo.

Basi tufanye hivi:

1. Tutie samadi iliyooza kwenye bustani.
2. Tutangulize miche ya vitunguu, majuma machache kabla ya kabichi.
3. Kila mistari miwili ya kabichi, katikati uwepo mstari wa vitunguu. Kati ya kabichi na kabichi tuache sentimeta 45 hadi 60.
4. Tukague chini ya majani mara kwa mara. Viwavi tuwatoe kwa mkono.

Harufu ya kitunguu humchanganya nondo. Haimalizi wadudu wote, ila huwapunguza.

Tukishavuna, tusirudishie hapo kabichi wala sukuma wiki. Hizo ni ukoo mmoja, adui wao ni mmoja. Tupande maharage.

Maswali:
1. Nani hutoboa kabichi?
2. Kwa nini vitunguu vitangulie?