Dondoo Muhimu: Petroli ya Land Rover Kuukuu

Mwenye Land Rover ya petroli ya zamani, ile Series III yenye injini ya lita 2.25 na tangi la lita 45 hivi, atokaye Samuye kuelekea Kahama hata kwenye machimbo ya Geita, yampasa asiuamini mshale wa mafuta, bali ajaze tangi pomoni, aandike kilomita, na atakapojaza tena azigawe kilomita alizokwenda kwa lita zilizoingia. Gari hilo likiwa na siha hupata kilomita 5 hadi 7 kwa lita, na katika hesabu ya safari robo ya tangi ihesabiwe kuwa akiba.

Jambo ambalo aghalabu husahauliwa ni kwamba Usukuma, inakopita safari hiyo, umeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na kabureta iliyorekebishwa Tanga humimina huku petroli kupita kadiri. Fungua plagi baada ya mwendo mrefu: masizi makavu meusi ni dalili ya israfu, na rangi ya hudhurungi ni dalili ya wastani. Lakini kabla hujaigusa kabureta, tazama chujio la hewa, maana vumbi la kiangazi hujikusanya katika oili yake na kuibana injini pumzi.

Ukishika lami, simamisha gari, vuta nyuma mkono mwekundu wa gia hata kirungu cha manjano kiruke juu, kisha uurudishe mbele, gari lirudi kwenye mwendo wa magurudumu mawili. Kwenda kwa magurudumu manne juu ya lami hula petroli na tairi pia.