Kutoka Stashahada hadi Shahada: Krediti Zipi Huhama, Zipi Hubaki

Katika zahanati na vituo vya afya vinavyoizunguka Nshamba, wilayani Muleba, mgonjwa hupokewa kwanza na muuguzi au tabibu mwenye astashahada au stashahada. Wilaya hiyo ina historia ndefu ya mafunzo ya uuguzi katika hospitali za Rubya na Ndolage. Mtumishi wa namna hiyo anapotamani shahada, swali lake la kwanza huwa moja: je, miaka aliyosoma katika chuo cha kati itahesabiwa chuo kikuu, au ataanza upya?

Chukulia mfano wa kufikirika wa tabibu aliyehudumu miaka 6 katika kituo cha afya. Akiamini kuwa stashahada yake ya miaka 3 itampeleka moja kwa moja katika mwaka wa 3 wa Udaktari wa Tiba, anaomba ruhusa ya masomo ya miaka 3 na kuuza kahawa ya msimu ili kulipa ada. Akishavuka ziwa na kufika Mwanza, anaambiwa kuwa amedahiliwa mwaka wa 1: mbele yake kuna miaka 5 ya masomo na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Hakudanganywa na mtu. Alichanganya mambo mawili yanayofanana kwa jina tu.

Krediti ni nini

Krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi. Nchini Tanzania, krediti 1 ni sawa na saa 10 za kujifunza, zikijumlisha mihadhara, mazoezi wodini, kazi za maabara na kujisomea. Somo la krediti 12 hudai takribani saa 120. Mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa kuwa krediti 120, yaani saa 1,200.

Hata hivyo, krediti ina kimo pia, si wingi peke yake. Mafunzo ya vyuo vya kati husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), na stashahada imo katika ngazi ya 6. Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na shahada ya kwanza imo katika ngazi ya 8. Somo la anatomia laweza kuwa na jina lile lile katika ngazi zote mbili, lakini kina chake kikatofautiana.

Kudahiliwa si kuhamisha

Stashahada hufungua mlango wa chuo kikuu kwa njia ya sifa linganishi. Kwa Udaktari wa Tiba, mwenye Stashahada ya Tiba hutakiwa kwa kawaida kuwa na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza kidato cha nne. Huo ni udahili. Stashahada hapo ni ufunguo wa mlango. Haipunguzi ngazi za kupanda ndani ya nyumba.

Uhamisho wa krediti ni jambo jingine. Hufanyika hasa pale mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja anapohamia kingine katika fani ile ile au inayokaribiana nayo. Chuo kinachompokea hulinganisha masomo, idadi ya krediti, ngazi na ufaulu, kisha seneti yake huamua. Chuo kinachotunuku shahada hutaka pia sehemu kubwa ya masomo isomwe kwake.

Mambo yanayodhaniwa kuwa krediti

Lipo kosa la kuzidhani alama za mafunzo endelevu kuwa krediti. Alama ambazo muuguzi huzikusanya ili kuhuisha leseni yake kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga zina thamani kubwa kwa leseni hiyo, lakini hazipunguzi somo lolote la shahada.

Kosa la pili ni kufuata ramani ya zamani. Kwa miongo mingi tabibu aliweza kusoma miaka 2 na kuwa daktari msaidizi. Mafunzo hayo yamekoma. Ushauri wa mkubwa wa kazi aliyepita njia hiyo, ingawa ni wa nia njema, haumfai kijana wa leo.

Waliosoma ng'ambo ya mpaka

Kwa wakazi wa Kagera, Uganda iko karibu, na wapo wanaosomea huko. Tuzo zao huhitaji ulinganisho kabla ya kutumika nchini: vyeti vya sekondari hupelekwa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), stashahada NACTVET, na shahada TCU. Nchi za Afrika Mashariki zimekuwa zikioanisha mifumo yao kupitia Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala, lakini maelewano hayo hayaondoi wajibu wa kuhakikiwa.

Hatua kabla ya kuomba ruhusa

1. Kusoma mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika, kwa kuwa masharti hubadilika.
2. Kuhakikisha kuwa chuo na programu vina ithibati.
3. Kupata namba ya uhakiki wa tuzo (AVN) kutoka NACTVET, inayohitajika kwa mwombaji mwenye stashahada.
4. Kutunza hati ya matokeo na mihtasari ya masomo; bila mihtasari hakuna ulinganisho.
5. Kuuliza kwa barua: "Nitaanza mwaka wa ngapi, na ni masomo gani nitakayosamehewa?" Jibu la mdomo halitoshi.
6. Kuomba ruhusa ya masomo kwa muda ulioandikwa katika jibu hilo, si kwa muda unaotamaniwa.

Linamhusuje mgonjwa?

Mtumishi anapoondoka kwa hesabu isiyo sahihi, kituo hupanga zamu kwa miaka 3 huku pengo likiwa la miaka 6. Mama mjamzito anayefika usiku ndiye anayelipa tofauti hiyo. Vilevile, masomo yasiyosamehewa yana maana kwake. Tabibu hufunzwa kutambua na kutibu malaria kali ya mtoto kwa kufuata mwongozo. Daktari hutakiwa pia kufafanua kwa kina kwa nini sukari ya mtoto huyo hushuka na figo zake hudhoofika, ili aamue pale mwongozo unapoishia. Kurudia anatomia na biokemia kwa kina kipya ni sehemu ya usalama wa mgonjwa.

Tabibu wa mfano ule hakupoteza elimu yake. Atakapofika wodini, miaka yake 6 ya kusikiliza wagonjwa itamsaidia kuliko wengi darasani mwake, hata kama haitaonekana katika hati ya matokeo. Alichopungukiwa ni barua moja ya kuuliza kabla ya kupanda meli.