Sauti Iliyofungiwa: Somo la Kinasa Sauti cha MiniDisc

Katika gazeti hili la chama chetu tumezoea kusoma methali, ngeli na habari za washairi wa Mvita. Mwaka huu nimeonelea nilete somo la mashine. Usigune kwanza! Mashine yenyewe inahusu Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa ndani yake hulala maneno ya wazee wetu ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Hebu nikuulize. Umewahi kupanda teksi hapa Mwembe Tayari ukaona redio yake imeandikwa kwa Kijapani, na kando ya herufi CD pana herufi nyingine mbili, MD? Magari hayo yalitumika Japani kwanza, kisha yakashushwa bandarini Kilindini. Redio zake ndizo zile zinazokataa stesheni zetu nyingi, maana hushika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, na zetu zinakwenda hadi 108. Basi ile MD ni MiniDisc. Twapita nayo kila siku na wengi wetu hatuijui.

TULIKOTOKA: SANTURI NA KANDA

Kabla ya kuieleza MiniDisc, yafaa tujue sauti ilikuwa ikihifadhiwa vipi katika pwani yetu. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay, Bara Hindi, mwaka 1928 ili nyimbo zake zitiwe katika santuri. Fikiria safari hiyo ya baharini kwa sababu ya kurekodi tu! Mtu wa kawaida hakuweza kujirekodi mwenyewe.

Mambo yalibadilika mwaka 1963 kampuni ya Philips ilipotoa kaseti. Ndani ya kaseti mna utepe wenye upana wa milimita 3.81, nao hukimbia sentimita 4.76 kwa kila sekunde. Piga hesabu: upande wa dakika 30 ni sekunde 1,800, kwa hivyo utepe hauna budi kuwa na urefu wa mita 86 hivi. Ukikwama, ulichomeka penseli katika tundu ukauzungusha, mambo yakawa sawa.

Kaseti iliwapa wananchi uwezo. Arusini, mtu aliweka redio kaseti yake mbele ya spika akanasa taarabu usiku kucha. Katika Mji wa Kale, duka la Mbwana Radio Service lilirekodi na kuuza kanda za waimbaji kama Zuhura Swaleh na Maulidi Juma. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi mengi yaliyotungwa na nduguye Ahmad Nassir, yule mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971. Kwa hivyo anayesoma ushairi wetu kwa vitabu tu amesoma nusu. Nusu ya pili iko katika utepe.

MINIDISC NI KITU GANI?

Kampuni ya Sony ilianza kuiuza MiniDisc huko Japani mwaka 1992. Ni kijisahani chenye kipenyo cha milimita 64, kilichofungiwa ndani ya kasha dogo la plastiki lenye upana wa sentimita 7 hivi. Kasha lina kijilango cha kuteleza. Kijilango hicho hujifungua mashine inapokimeza kijisahani, kwa hivyo mkono wa mtu haugusi ndani. Kwa vumbi na chumvi ya pwani yetu, hiyo ni hekima kubwa.

Kurekodi kwake kunafanyika kwa moto na sumaku. Mwanga wa leza hupasha joto kidoa kidogo mno, karibu nyuzi 180 za Selsiasi. Kidoa kikiwa moto hukubali kugeuzwa na sumaku iliyo upande wa pili, na kikipoa hushika vivyo hivyo. Ndiyo maana ukiweka sumaku ya kawaida juu ya MiniDisc sauti haifutiki, lakini kaseti yaweza kuharibika.

Kijisahani hiki ni kidogo kuliko CD, ambayo ina sentimita 12, lakini huweza kubeba dakika 74 sawa na CD. Vipi? Mashine hupunguza taarifa za sauti hadi karibu sehemu moja kwa tano, kwa kuacha zile ambazo sikio letu halizitambui. Mbinu hiyo huitwa ATRAC. Na ukirekodi kwa njia ya mono, ambayo yatosha kwa mazungumzo, wapata maradufu: dakika 148.

VITUKO VYAKE

Kila mashine ina tabia zake, lakini hii imezidi. Nitataja vituko vitano.

Kwanza, orodha. Unaporekodi, sauti inaandikwa katika kijisahani, lakini orodha ya kuonyesha kila wimbo uko wapi huandikwa mwisho, ukishabonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikifa kabla ya hapo, mashine haioni kitu. Ni mfano wa maktaba iliyojaa vitabu lakini rafu hazina namba.

Pili, uzuri wa orodha hiyo hiyo. Waweza kukata wimbo mara mbili, kuunganisha, kuhamisha wa mwisho ukawa wa kwanza, na kuupa jina, herufi kwa herufi, kwa vidole vyako. Sauti yenyewe haiguswi; kinachobadilika ni orodha tu. Kaseti haikuweza hayo hata kwa dawa.

Tatu, ububu. Mwaka 2000 zilitoka mashine zenye uwezo wa kurekodi muda mrefu zaidi, njia iitwayo MDLP. Sasa ukikitia kijisahani kilichorekodiwa hivyo katika mashine ya zamani, saa yake inahesabu dakika kama kawaida, lakini husikii lolote! Mtu asiyejua atafikiri kijisahani kimekufa, akitupe, na kumbe kizima.

Nne, mlango wa kuingilia usio na wa kutokea. Mwaka 2001 zilikuja mashine za NetMD zilizoungwa na kompyuta. Ziliruhusu nyimbo kuingia katika kijisahani, lakini ulichorekodi mwenyewe hukuweza kukitoa kwa waya huo. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2006 ilipotoka mashine moja, MZ-RH1, iliyoweza kuvuta rekodi za zamani kuzitia katika kompyuta. Miaka ya karibuni wapenzi wa MiniDisc wametunga programu za kuvuta sauti kutoka kwa baadhi ya mashine za NetMD, lakini si zote.

Tano, mashine hizi mara nyingi huanza kufa kwa upande wa kuandika. Kichwa cha sumaku kikivunjika, mashine husoma vizuri, na ukibonyeza kurekodi hujitia inarekodi. Kumbe haiandiki.

MASHINE YA AMI NA SAUTI YA NYANYA

Hapa sasa nifike kwa lililonifanya niandike. Ami yangu alikuwa akifanya kazi Maskati, Omani. Mwaka 2002 alikuja likizo na kinasa sauti cha MiniDisc, akamrekodi nyanya akisimulia habari za utoto wake Mji wa Kale na akiimba nyimbo za vugo, zile za akina mama wa arusi. Vijisahani vilikuwa viwili. Nyanya alifariki mwaka 2015, nami nilikuwa bado chekechea. Sura yake naikumbuka, lakini sauti yake sikuwa naikumbuka kamwe.

Mashine ya ami ilikuwa imekaa kabatini miaka mingi na haikuwaka. Betri yake ni bapa na nyembamba kama kipande cha ubani wa kutafuna, na madukani haipatikani. Nikaipeleka kwa fundi wa redio mtaani kwetu.

"Shikamoo, mzee. Kitu hiki chatengenezeka?"

"Marahaba, mwanangu. Redio nazifungua tangu hujazaliwa. Lakini hii, ona waya wake, ni mwembamba kama unywele. Nikiigusa nitaimaliza. Sahani unazo?"

"Ninazo mbili."

"Basi zihifadhi hizo. Mashine tutafuta nyingine."

Maneno hayo yalinifungua akili. Nikakumbuka teksi ya jirani yetu, Noah iliyotoka Japani. Nikamwomba, akacheka sana, maana miaka yote hajui ule mwanya wa redio ni wa nini. Jioni tukakitia kijisahani. Kwa kuwa ami alirekodi kwa mono, gari lilikisoma bila taabu. Shangazi alikuwa kiti cha nyuma. Aliposikia sauti ya mamake alinyamaza kimya, kisha akasema, "Nyamazeni, nyamazeni nyote," na hakuna aliyekuwa akizungumza.

Nilirekodi kwa simu kutoka kwa spika za gari ili tupate nakala ya dharura. Baadaye nikapata mashine ya pili kwenye meza ya vitu vya mitumba, kwa shilingi 400. Hiyo yasoma lakini haiandiki, nayo yanitosha. Nikaiunga na kompyuta ya binamu yangu kwa waya unaoingia tundu la vipokea sauti. Njia hii haina haraka: kijisahani cha dakika 148 huchukua dakika 148 kamili. Mara ya kwanza stima ikapotea, tukaanza upya.

Katika kusikiliza nimejifunza Kiswahili ambacho sikufundishwa darasani. Nyanya asema mato na matozi, pale sisi tunapoandika macho na machozi. Mchanga kwake ni mtanga. Kitabu cha sarufi huweza kukuambia kuwa hiyo ni Kimvita. Lakini kitabu hakiwezi kukuonyesha jinsi anavyolivuta neno anapotania, wala mahali anaponyamaza kabla ya kumtaja mtu aliyekufa.

UKITAKA KUKUSANYA

Mwaka 2011 Sony waliacha kutoa vinasa sauti vya MiniDisc vya mkononi, mwaka 2013 wakaacha mashine za mezani, na mwezi wa Februari 2025 wakaacha kutengeneza hata vijisahani vitupu. Kwa hivyo zilizopo ndizo hizo hizo. Nawausia hivi:

1. Usinunue mashine kabla ya kuitia kijisahani na kusikiliza. Nenda na kijisahani chako mfukoni.

2. Chagua yenye kisanduku cha kando cha betri ya kawaida ya AA, au yenye tundu la umeme linalofanya kazi.

3. Usijaribu kurekodi juu ya kijisahani usichokijua. Kila kasha lina kifungio cha kuteleza cha kuzuia kufuta. Kifungue kijitundu kionekane kabla hujakitia mashineni.

4. Ukiona kimya, kumbuka kituko cha tatu. Jaribu mashine nyingine kabla ya kukitupa.

5. Ukishanakili, weka nakala mahali pawili, na uandike nani anasema, wapi na mwaka gani. Sauti isiyo na jina, baada ya miaka kumi, ni ya mtu yeyote.

6. Omba ruhusa. Shangazi ameniambia kuwa baadhi ya nyimbo za nyanya ni za akina mama peke yao. Tumezinakili, lakini hazitatumwa kwa simu za watu. Kuhifadhi si kutangaza.

TAMATI

Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Funzo la MiniDisc ni kuwa mashine hufa kabla ya sauti. Kijisahani cha nyanya hakikuwa na kasoro hata moja. Kilichokosekana ni kitu cha kukisomea. Kaseti za taarabu zilizo chini ya vitanda vyetu ziko katika hali hiyo hiyo, na simu unayorekodia leo nayo itafika zamu yake.

Kwa hivyo napendekeza kwa chama chetu na kwa walimu wetu: muhula ujao kila mwanachama aulize kwao kuna kanda gani au kijisahani gani, alete orodha, na tutafute mashine moja nzima ya kila aina iwekwe maktabani. Wazee wenye kujua yaliyomo bado wapo. Tuwaulize wangali wanaweza kutwambia, "Huyo anayeimba ni fulani."

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini sumaku ya kawaida haiwezi kufuta MiniDisc?
2. Kaseti ya dakika 45 kila upande ina utepe wa mita ngapi?
3. Eleza tofauti ya kuhifadhi sauti na kuitangaza.
4. Muulize mzee mmoja wa kwenu maneno matatu ya Kimvita usiyoyatumia, uyaandike.

Mwanachama, Kidato cha Tatu