Dawa za maumivu na mimba kushika

*Daktari, nina miaka 29 na huu ni mwezi wa saba tunatafuta mtoto. Hedhi huniuma sana, hivyo humeza diklofenaki. Shoga yangu anasema dawa hiyo huzuia mimba kushika. Je, ni kweli? Msomaji, Morogoro*

Shoga yako hakukosea kabisa, ila amekutisha bure.

Yai likirutubishwa, hupita siku 6 hadi 10 hivi kabla ya kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Projesteroni huuandaa ukuta huo, kisha prostaglandini, kemikali zinazotengenezwa papo hapo, husaidia kufungua mishipa midogo ya damu pale mimba inapotua. Panya waliokosa COX-2, kimeng'enya kinachozitengeneza, walipata shida ya kupevusha mayai na ya mimba kushika. Diklofenaki na ibuprofeni hukizuia kimeng'enya hichohicho. Ndiyo maana hutuliza tumbo: prostaglandini ndizo zinazolibana wakati wa hedhi.

Lakini wewe si panya. Vidonge vya siku mbili za mwanzo wa hedhi huwa vimekwisha mwilini kabla yai halijapevuka. Wasiwasi ni kwa anayevimeza kila siku. Kuanzia katikati ya mzunguko, ukiumwa, tumia parasetamoli. Dawa uliyoandikiwa hospitalini, aspirini ikiwemo, usiiache bila kumuuliza aliyekuandikia.

Maumivu yakizidi mwezi hadi mwezi, au ukiumia wakati wa tendo la ndoa, nenda kliniki sasa. Vinginevyo, mwaka ukipita bila mimba, nendeni wote wawili. Mume naye hupimwa.