Wageni Walipoacha Kuja

Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, nilifunga begi nikarudi nyumbani Nkoaranga. Jirani yetu mmoja alikuwa mpagazi. Kazi yake kubeba mizigo ya watalii Mlima Meru na Kilimanjaro. Masika kazi huwa chache, ila safari za Juni huwa zimeshapangwa. Mwaka ule zikafutwa. Usiku mmoja wa Aprili mkewe akagonga mlango wa jiko letu, mtoto mgongoni, mdomo umevimba. Mama akamkalisha karibu na moto. Asubuhi wazee wakamwambia, "Vumilia mama, ni maisha tu yamekuwa magumu." Na mimi, msomi wa sosholojia, nikaitikia kwa kichwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiipima kauli hiyo, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Janga huongeza vipigo. Wachumi Abiona na Koppensteiner walilinganisha takwimu za kaya za Tanzania na kumbukumbu za mvua, wakakuta kwamba ukame huongeza ukatili ndani ya nyumba. Sababu haihitaji profesa: akiba imeisha, mwanaume aliyezoea kuleta haleti kitu, na wawili hao wanashinda chini ya paa moja kutwa nzima. Kwetu Arusha ukame wa 2020 ulikuwa wa wageni. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka uliofuata hata laki saba hawakufika.

Sasa nusu ya pili. Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu, enzi hizo ikiwa mkoa wa Shinyanga, na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi, wengi wao bibi vikongwe, yalikuwa karibu mara mbili ya miaka ya kawaida. Mara nyingi wauaji walikuwa ndugu zao. Lakini mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Soma tena hapo, jamani. Kama njaa ingekuwa inampofusha mtu, angempiga yeyote aliye mbele yake. Hasira inajua pa kushukia: kwa yule ambaye kumpiga hakuna gharama.

Turudi kwa jirani. Mkewe alikuwa akiuza ndizi soko la Tengeru, na yeye pia wateja walimkimbia. Shida ileile, nyumba ileile, njaa ileile. Yeye hakumpiga mtu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Hakuna kijikifungu kinachosema "isipokuwa watalii wasipokuja".

Wenzangu mnaoandaa tasnifu, angalieni na takwimu za polisi. Ili kesi ihesabiwe, mama huyo alitakiwa apate nauli ya boda mpaka Usa River, amwachie mtu mtoto, afike Dawati la Jinsia na Watoto, achukue PF3, aende hospitali, halafu jioni arudi kulala kwa mtu aliyemshtaki. Wakati wa janga kila hatua hapo huwa ngumu zaidi. Kwa hiyo malalamiko yanaweza kupungua wakati vipigo vinapanda, na mtu akaandika kwenye ripoti kwamba hali ni shwari. Mimi ningeanza kwa kuuliza majirani ni milango mingapi ya jiko iliyogongwa usiku.

Wetu uligongwa mara moja tu, na hakuna daftari lililoandika. Saa nne asubuhi yule mama alifunga khanga yake akarudi kwake. Mama alimsihi akae hata siku mbili. Akajibu kwamba ng'ombe hajakatiwa majani.