KIUNZI CHA SELI

Mwanafunzi aombwapo kuchora seli, kwa kawaida huchora utando, kiini, na mitokondria chache zinazoelea katika saitoplazimu kama vipande vya muhogo katika mchuzi. Mchoro huo una upungufu. Oganeli za seli haziachwi zielee ovyo. Hushikiliwa na kusafirishwa na mtandao wa nyuzi za protini uitwao kiunzi cha seli.

Nyuzi hizo ni za aina tatu. Nyuzi za aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi, huipa seli umbo na kuiwezesha kujongea. Nyuzi za kati, za nanomita 10 hivi, huiwezesha kustahimili mvuto. Mikrotubuli, zenye upana wa nanomita 25, ni mirija iliyojengwa kwa protini ya tubulini. Mirija hii hujengwa na kubomolewa kila mara.

Mikrotubuli zina kazi mbili kubwa. Kwanza, seli inapogawanyika, huzivuta kromosomu kuelekea pande mbili. Pili, ni njia za uchukuzi: protini ziitwazo kinesini hupita juu yake zikibeba mizigo, kwa nishati ya ATP. Katika neva, mizigo iendayo kasi huweza kusafiri milimita 400 kwa siku.

Umuhimu wa kazi hizo huonekana katika tiba. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala, alieleza aina ya saratani iliyovimbisha taya za watoto wa Afrika. Miongoni mwa dawa zinazotumika kuitibu ni vinkristini, itokanayo na mmea wa maua wenye asili ya Madagaska. Dawa hii hujishikiza kwenye tubulini na kuzuia mirija isijengwe; seli ya saratani hushindwa kugawanyika, ikafa.

Lakini neva nazo hutegemea mirija hiyohiyo. Kwa sababu hiyo mgonjwa huweza kupata ganzi, na daktari hana budi kupima kipimo cha dawa kwa uangalifu mkubwa.

Zoezi
1. Uzi wa neva una urefu wa sentimita 90. Mzigo uendao milimita 400 kwa siku utafika mwisho wake baada ya muda gani?
2. Eleza kwa nini ganzi hiyo huanzia katika vidole vya miguu na mikono.