Faili ya mkopo kwenye WhatsApp: Android inafungua, iPhone inakataa

Tuseme una kibanda cha mboga sokoni Voi. Kwenye grupu la chama inaingia faili: pakua hapa, upate mkopo sasa hivi bila maswali. Ukiibonyeza kwenye Android, simu itakuuliza kama unaruhusu WhatsApp iweke programu. Ukikubali, inaweza kuingia. Mwenzako wa iPhone akibonyeza faili hiyo hiyo, hakuna kitu.

Apple imeacha mlango mmoja tu, App Store. (Ulaya sheria iliilazimisha kukubali maduka mengine mwaka 2024, huku kwetu bado ni ule mmoja.) Google nayo ina Play Store, lakini huo si mlango pekee.

Uwazi huo umetufaa sana. Kampuni yoyote inaweza kutengeneza simu ya Android, ndiyo maana zipo za bei ya mwananchi kutoka Voi hadi Taveta. Tena Android inaruhusu programu isome SMS zako ukikubali. Hapo ndipo mikopo ya simu ilipata nguvu Kenya: badala ya payslip, mkopeshaji aliangalia meseji zako za M-Pesa, na mama mboga akakopesheka. iPhone hairuhusu programu ya mkopo kupekua SMS hivyo.

Lakini ruhusa hizo hizo zilileta aibu. Ukichelewa kulipa, anapigiwa shemeji, anapigiwa bosi. Benki Kuu ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022. Mwaka 2023 Google ikadai leseni kwa programu za mikopo Kenya, na ikazikataza kusoma namba za watu ulizohifadhi. Sasa angalia: masharti hayo ya Google yanalinda Play Store. Faili ya WhatsApp haikupita hapo. Ukiipa ruhusa ya SMS, inaona namba za siri ambazo benki hukutumia. Ukiipa ile ya Ufikivu, inaweza kusoma skrini na kubonyeza kwa niaba yako.

Je, ukanunue iPhone? Kwa sababu hii peke yake, sisi tunasema hapana. Bei ni kubwa, na mfumo uliofungwa haukusaidii mtu akikupigia akakudanganya umtajie PIN.

Afadhali uingie kwenye Mipangilio, utafute "programu zisizojulikana", kisha uzime ruhusa kwa WhatsApp, Chrome na nyingine zote. Kabla ya kukopa, tafuta jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu.

Na kama ulishaiweka? Zima data na Wi-Fi mara moja. Toa laini, itie kwenye kabambe. M-Pesa ilianza 2007 kwenye simu za aina hiyo, kupitia menyu ya laini, na faili kama hii haiwezi kuingia humo. Badilisha PIN ukiwa kwenye kabambe, ipigie benki yako, na usirudishe laini hadi ile programu iwe imeondolewa.